Wivu Wangu na Wadudu wa Mama Masanja

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka kumi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Ng'ombe wa baba yangu waliisha kwa ugonjwa huko Kishapu, wakaanguka mmoja mmoja zizini mpaka tukabaki tunafuga nzi. Shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikapelekwa kuchuma pamba za watu, kisha kuchunga ng'ombe wa watu. Nayasema haya mapema ili kijana mwenye diploma anayesoma hapa asianze kunisahihisha. Kusoma kwenyewe nimejifunzia kwenye makopo ya dawa ya pamba, na dawa ya pamba ndiyo iliyonipa jina.

Nilikuwa mpiga dawa. Ninyi leo mnaona bomba la mgongoni ni mzigo wa kukwepa. Kwetu lilikuwa heshima. Pamba ikianza kuweka vitumba, watu walinifuata kutoka vijiji vya mbali: "Mwiteni Shija, funza wametuvamia." Nilijua upepo wa asubuhi unageuka saa ngapi. Nilijua kutembea kinyumenyume ili dawa isinirudie usoni. Nikimaliza shamba, hata panzi haruki. Panakuwa kimya kabisa, nami naupenda ule ukimya, nausimamia pembeni kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga. Niliamini shamba kimya ndilo shamba safi.

Baadaye nikaja Geita kufuata dhahabu kama wajinga wenzangu. Duara langu, yaani shimo nililochimba, lilitoa mawe na maji, basi. Nikarudi kwenye jembe. Nikapata eneo bondeni, nikalima chainizi, sukuma wiki na nyanya, bomba likarudi mgongoni. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Zuhura, mpishi wa wachimbaji, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitokea Tabora. Anayemlisha mchimbaji harembi mboga, anapika sufuria za kuogea mtoto. Kumpata Mama Zuhura ilikuwa sawa na kupata ajira.

Sasa nawaambia jambo ambalo wazee wengi hulificha. Mimi nina wivu. Nilizaliwa nao, nimezeeka nao, na kama kuna kitu kimenifundisha kazi kuliko huo wivu, sijakutana nacho. Mtu akiotesha bamia ndefu kuliko yangu, chakula hakishuki. Nimewaonea wivu majirani, nimewaonea shemeji zangu, niliwahi kumwonea mchungaji mmoja aliyekuwa na vitunguu vizuri mno kwa mtu wa kanisa. Lakini wivu ulioniuma kuliko wote niliupata nyumbani kwangu, nyuma ya jiko.

Mke wangu, Mama Masanja, alikuwa na bustani yake hapo. Kwetu mwanamke hupewa sehemu yake, mume haingilii. Ya kwake ilikuwa ndogo, matuta machache kati ya jiko na bafu, imezungushiwa ua wa miti. Mimi niliiona takataka. Giligilani ameziacha zimeota maua, badala ya kuzikata. Mgagani umejiotea pembeni, haung'oi. Alizeti zimesimama kila kona kama watu wanaosubiri gari. Na wadudu! Ukipita pale asubuhi unasikia mvumo. Mimi, mpiga dawa, nyumbani kwangu kunavuma wadudu. Nilikuwa naona aibu wageni wakija.

Halafu akaanza kuja Luhende.

Luhende ni jirani yetu, rika langu. Alihamia Geita kutoka upande wa Meatu, walikokuwa wakilima pamba bila dawa, wakichanganya na alizeti. Ni mgane, mkewe alifariki zamani. Ni mrefu, na meno yake yote yamo kinywani. Hilo la meno naliandika kwa sababu mimi yangu yamebaki ya kutafunia ugali tu.

Asubuhi moja nilirudi kutoka bondeni, nimesahau kichwa cha bomba. Nikawakuta yeye na mke wangu wamechuchumaa, vichwa vimekaribiana, wanachungulia chini ya jani la sukuma wiki.

"Mwangaluka, Shija," Luhende akanisalimu kwa Kisukuma, bila hata kunyanyuka.

"Mwangaluka. Mnaangalia nini?"

"Sss," mke wangu akasema. "Anakula."

"Nani anakula?"

"Sema polepole, utamtisha."

Nikainama. Nikaona kidudu kirefu cheusi, kina miguu ya mbele na madoa ya rangi ya chungwa, mwili una mikwaruzo kama mamba aliyezaliwa jana. Kinatembea katikati ya vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya majani. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikakiponda kwa dole gumba.

Mama Masanja alikitazama kidole changu kana kwamba nimempiga mtoto wa mtu.

"Huyo ni mtoto wa mdudu kobe," Luhende akasema taratibu. "Yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa. Watoto wake ndio wanaokula vidukari kuliko hata yeye."

"Mtoto gani hafanani na mama yake?" nikauliza.

Mama Masanja akajibu palepale: "Mbona Masanja hafanani na wewe, na hukumponda?"

Luhende alicheka mpaka akashika ua. Mimi sikucheka. Masanja wakati huo ni mtu mzima, ana watoto, anafanya kazi za ufundi Kahama, karibu na mgodi wa Buzwagi. Alipokuja kutusalimia nilimtazama masikio kwa muda mrefu. Ni yangu. Lakini nilitazama.

Basi vijana, jambo la kwanza, lishikeni kabla hata ya kununua mbegu: mtoto wa mdudu mzuri ana sura mbaya. Mnaponda walinzi wenu. Nimewaona wengi mkitembea matutani mnaponda, na mimi nimeponda kuliko ninyi nyote. Na mayai ya mdudu kobe ni ya njano, yamesimama wimawima kwa kundi chini ya jani. Mkiyaona, achaneni nayo, mtafute kazi nyingine.

Huko bondeni mambo yalikuwa yanaharibika. Nilikuwa nikipiga dawa, vidukari wanapungua, kisha wanarudi wengi zaidi. Nikaongeza dawa kwenye maji. Wakaongezeka. Nikabadilisha dawa. Inzi weupe wakaja kusaidiana nao. Kijana mmoja wa duka la pembejeo akanishauri nichanganye dawa tatu kwenye bomba moja, nikachanganya, majani ya nyanya yakajikunja kama karatasi iliyopita karibu na moto. Vidukari wakabaki wanakula.

Mama Zuhura akaja kuchukua mzigo. Akachukua fungu, akalinusa, akalirudisha.

"Shikamoo, mzee Shija."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu kama baba. Lakini kuna mchimbaji kanirudishia sahani. Anasema mboga inanuka ghala la pamba. Mtu kashinda duarani, anakunywa vumbi, halafu mimi nimlishe dawa?"

"Ukiosha inatoka."

"Nimeosha mpaka mikono imechubuka." Akajifunga kanga vizuri. "Nasikia kwa Mama Masanja kuna mboga haijaguswa dawa."

"Mama Masanja ni mke wangu!"

"Najua, mzee. Kwako si kule juu? Ndiyo maana nakuuliza njia ya mkato."

Nikamwonyesha. Ningefanya nini? Nikasimama bondeni, nikaangalia kanga yake ikipanda kilima kwenda kununua kwa mke wangu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mtu wa mbali akikupokonya mteja, utamsema vibaya sokoni na moyo utatulia. Mke wako akimchukua, utamsema wapi? Mchana ule nilikula ugali na mboga ya bustani yake. Ilikuwa tamu. Nilitafuna kwa hasira, na kila nilipotafuna ilizidi kuwa tamu.

"Luhende anafuata nini hapa?" nikamuuliza.

"Anafuata wadudu."

"Kwake hakuna wadudu?"

Akaweka bakuli chini. Mke wangu si mtu wa kelele, akikasirika sauti inashuka. "Baba Masanja, nilikuita uje uone nyigu wadogo wanavyotaga kwenye vidukari, ukasema una kazi. Nilikuita uone vunjajungu anajenga kifuko cha mayai kwenye ua, ukasema una kazi. Luhende sikumwita. Alipita, akasimama, akauliza hiki ni nini. Wewe umeishi na bustani hii miaka yote hujauliza hata siku moja."

Wivu ulikuwa unanitafuna sehemu mbili kwa wakati mmoja: mteja kachukuliwa na mke wangu, na mke wangu, asubuhi akiona kitu cha ajabu, wa kumwonyesha ni Luhende. La mteja ningelivumilia. Hili la pili lilinishinda. Nilitaka jambo moja tu, nalisema bila haya: nilitaka aniite mimi. Alikuwa ameacha kuniita, na mtu aliyechoka kukuita huwezi kumlazimisha aanze tena.

"Nipe tuta," nikasema.

"Bomba haliingii."

"Haliingii."

"Na hutaua kitu usichokijua jina."

"Basi sitaua chochote, maana sijui jina la yeyote."

Hapo akatabasamu kidogo. Akanipa tuta la mwisho, la pembeni ya bafu, ambalo hata yeye alikuwa amelikatia tamaa.

Nikapanda sukuma wiki. Zikashika. Vidukari wakaja, kama kawaida, wakaanza kwenye majani machanga ya katikati. Na kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kuliko kuchimba duara, kuliko kubeba bomba juani, ilikuwa kusimama pale mikono nyuma nisifanye kitu. Wadudu wazuri hawaji mahali pasipo na chakula. Ukiwaondoa vidukari wote, mdudu kobe anafuata nini kwako? Lazima uwavumilie kidogo. Kijana, kama huwezi kuvumilia, kata jani moja lililoshambuliwa sana ukazike, ila usisafishe tuta zima. Mimi dole gumba lilikuwa linawasha.

Lakini uvumilivu bila ushindani si tabia yangu. Nilitaka kumshinda Luhende kwa kitu asichokuwa nacho. Nikakumbuka hadithi zake mwenyewe: kule kwao, kwenye alizeti za shamba la pamba, hukaa sisimizi weusi wanaowala funza. Nikajiambia, sisimizi! Mdudu kobe mmoja anafanya kazi peke yake, sisimizi ni jeshi. Mke wangu alikuwa amenunua dagaa wa Nkome, na chini ya gunia kulikuwa na vichwa vilivyovunjika na vumbi. Nikazoa, nikamwaga kando ya tuta langu lote. Kesho yake sisimizi wamejaa, wadogo, wa rangi ya kahawia, wanapanda na kushuka kwenye mashina kama wachimbaji waliosikia mahali pametema dhahabu.

"Hao ni askari wangu," nikamwambia Luhende.

Akachuchumaa, akawatazama. "Wale wa kwetu walikuwa wakubwa na weusi. Hawa siwajui."

"Huwajui!" Nilifurahi mno. Siku hiyo nilitembea kama mtu aliyenunua ng'ombe.

Furaha haikudumu. Matuta ya Mama Masanja yalikuwa safi, na langu likawa baya kuliko la bondeni. Vidukari walibanana mpaka jani halionekani. Majani yakawa yananata, kisha yakaota ukungu mweusi kama masizi. Nikachukua mdudu kobe kwenye tuta la mke wangu, kwa ruhusa yake, nikamweka kwenye langu. Dakika chache akaruka, akarudi alikotoka.

"Hata mdudu kobe anamkimbia Baba Masanja," mke wangu akasema, na Luhende akageuza uso kuangalia alizeti, mabega yanatikisika.

Nikaleta kigoda. Nikakaa mbele ya lile tuta tangu kumwagilia hadi jua likawa kali, macho kwenye jani moja tu. Na hapo ndipo utoto wangu wa kuchunga ng'ombe wa watu uliponisaidia. Nilimwona sisimizi anamfuata kidukari kwa nyuma, anampapasa kwa pembe zake, taratibu, kushoto na kulia. Kidukari akatoa tone. Sisimizi akalinywa. Akaenda kwa mwingine, akapapasa, akanywa. Nikakaa wima kwenye kigoda. Jamani, huyu anakamua! Mtu yeyote aliyewahi kushika chuchu za ng'ombe angemtambua. Halafu akatua mdudu kobe, na sisimizi watatu wakamvamia miguuni, wakamng'ata, wakamfukuza kama sisi tulivyofukuza fisi zizini.

Niliowaita askari walikuwa wachungaji. Na mifugo yao ndiyo ilikuwa inakula mboga zangu, na zizi nimewajengea mimi mwenyewe kwa vichwa vya dagaa.

"Mama Masanja!" nikapiga kelele. "Njoo! Wanakamua!"

Alikuja na mwiko mkononi. Nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda mrefu, tumechuchumaa, bega lake limegusa langu. "Kweli wanakamua," akasema. Alikuwa ameishi na bustani ile miaka mingi na hilo hakuwahi kuliona. Luhende naye hakuwahi.

Dawa yake ni hii, iandikeni. Ondoeni mizoga, dagaa na mabaki yote karibu na matuta. Mwageni majivu makavu kuzunguka kila shina, duara pana kama kiganja. Sisimizi hapendi kuyavuka. Mkimwagilia yakalowa, mwageni mengine. Na jani likigusa ua au mti wa jirani, likateni, maana watapitia hapo kama darajani. Mimi niliacha jani moja tu linagusa ua wa bafu, wakapita hapo wote. Nilipolikata, wadudu kobe wakakaa. Wakataga. Wale mamba weusi wakatokea, wakala. Wiki zilivyoenda nikaona vidukari waliovimba na kukauka, rangi ya kahawia kama punje za ulezi. Hao pia msiwaguse. Kila punje ndani yake kuna mtoto wa nyigu mdogo, atatoboa na kutoka na kwenda kazini.

Nisiwadanganye kwamba wadudu wanamaliza kila kitu. Kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya majani ya nyanya, bado anatusumbua, majani yaliyotobolewa tunayachuma na kuyazika. Yupo kijana aliniuliza kwa simu, "Mzee, hao wadudu kobe wanauzwa duka gani?" Nikamwambia, acha giligilani ichanue, acha alizeti isimame, weka bomba chini, watakuja wenyewe. Akakata simu. Alitaka kitu cha kununua.

Mama Zuhura sasa anachukua kwenye matuta yote, hata langu, halinusi tena. Lakini anampa salamu za kwanza Mama Masanja, na mimi bado naumia.

Luhende alikuja siku ile ya majivu akasimama mbele ya tuta langu. Halafu akasema, "Shija, hebu nielekeze tena hilo la kukamua." Nikamwelekeza, polepole, mara mbili, nikiangalia uso wake. Mtu mwenye wivu anautambua wa mwenzake hata ukifichwa chini ya meno mazuri. Nililala usingizi mtamu.

Haikupita siku nyingi, nikiwa nachota maji, nikasikia sauti kutoka nyuma ya jiko: "Baba Masanja! Acha ndoo, njoo uone, kuna mmoja simjui!" Luhende alikuwa palepale nje ya ua, karibu kuliko mimi. Hakumwita. Niliangusha ndoo, nikakimbia na magoti yangu haya.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Nina kisima. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja. Nina baiskeli, redio, na pikipiki aliyoninunulia Masanja, kadi ina jina langu. Nina lile eneo la bondeni, sasa nimepanda mbaazi na alizeti, na panavuma. Nina koti moja la harusini na msibani. Bustani ya nyuma ya jiko si yangu, ni ya Mama Masanja. Yangu ni tuta moja, la pembeni ya bafu. Luhende bado anakuja kila asubuhi. Anaitwa wa pili.